Jumapili ya Wazazi Wangu Mjini Liège

Wazazi wangu walifika Ubelgiji mwanzoni mwa Mei 1995, wakiwa na visa ya mwezi mmoja na sanduku moja lililofungwa kwa kamba. Nilikuwa sijawaona kwa miaka saba. Niliondoka Likasi, mji wetu wa shaba karibu na Lubumbashi, mwaka 1988 kwa msaada wa masista wa parokia yetu kwenda kusomea uuguzi mjini Liège, na nilipomaliza nikapata kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Nilipoondoka, baba alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kusafisha shaba, na mama alikuwa mke wa msimamizi. Niliwaacha hivyo, na hivyo ndivyo nilivyowaona kichwani miaka yote saba.

Baba anaitwa Nicolas. Alifanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye mabirika ya asidi, mahali ambapo shaba chafu hutundikwa upande mmoja na kutoka upande wa pili ikiwa bamba safi, jekundu, lenye uzito wa mtu mzima. Mabamba yalipakiwa kwenye mabehewa, treni ikaondoka, na yeye hakuwahi kuona yalikokwenda. Mama anaitwa Marcelline. Katika utoto wangu hakuuza hata fungu la lengalenga, mchicha wetu. Baba hakutaka. Kampuni ilitoa unga, samaki, mafuta, shule na hospitali. Mke wa mfanyakazi akionekana amekaa barabarani na beseni lake, aibu ilikuwa ya mume.

Baada ya 1991 mambo yakaanguka. Barua za nyumbani, zilizoletwa mkononi na wasafiri kwa kuwa posta ilikuwa imekufa, ziliniambia kwamba mishahara inachelewa, kisha kwamba haipo kabisa. Ziliniambia kwamba jirani yetu Mukendi, rafiki wa baba tangu ujana, aliondoka na familia yake kwa treni mwaka 1993, pamoja na maelfu ya watu wa Kasai waliofukuzwa katika mji wetu. Na ziliniambia kwamba mama "anajitahidi". Neno hilo nililisoma mara nyingi bila kuuliza maana yake.

Niliwaalika nikiwa na mpango. Nilikuwa nimezungumza na mwanasheria mmoja, naye aliniambia kuna njia ya wazazi kubaki na binti yao, hasa kwa kuwa mapafu ya baba yalihitaji matibabu. Wadogo zangu, Didier na Deborah, wangefuata baadaye. Nilichagua Jumapili ya pili ya safari yao. Nitawatembeza mjini siku nzima bila haraka, niliwaza, niwalishe vizuri, kisha mezani nitawaambia: bakini. Mama nilijua atakubali. Kwa baba nilijiandaa wiki nzima, maana nilimjua kuwa mtu wa fahari. Nilirudia maneno yangu kwenye basi, kila asubuhi, kama mtoto anayekariri katekisimu.

Jumapili hiyo kulikuwa na jua na baridi kidogo. Baba alivaa suti yake ya kijivu ya siku za sherehe, na tai ambayo mama alimfunga, kwa sababu katika enzi ya abakosti, suti ya serikali isiyovaliwa na tai, alikuwa amesahau namna ya kufunga tai. Mama alivaa kitenge, na juu yake koti langu la baridi ambalo halikuweza kufungwa vifungo. Tulishuka kwa miguu hadi mto Meuse, ambako kila Jumapili kuna soko refu kando ya maji: jibini, maua, kuku hai kwenye vizimba, nguo, viatu, vyombo vya zamani.

Baba alitembea mbele, mikono nyuma, akitazama madaraja. Mama alitazama watu wanavyouza. Sikulitambua hilo mwanzoni. Nilimwonyesha maua, akasema "mazuri" bila kugeuza kichwa. Macho yake yalikuwa kwa mwanamke wa viazi, aliyekuwa anapanga vile vikubwa mbele na vidogo nyuma. Mama alicheka peke yake.

Kwenye meza ya samaki alisimama kabisa. Palikuwa na samaki waliokaushwa kwa moshi, wenye rangi ya dhahabu, wamepangwa juu ya karatasi. Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye aproni nyeupe. Mama alimuuliza kwa Kifaransa chake cha taratibu, kile cha shule ya masista:

"Bwana, unatumia kuni za mti gani?"

Yule bwana alidhani hakusikia vizuri. Mama akarudia. Muuzaji akajibu kwamba anatumia mti wa hêtre, ambao kwetu haupo.

"Kwa saa ngapi juu ya moshi?"

"Saa nne, tano."

"Na chumvi, kabla au baada?"

Muuzaji alimwita mke wake aje asikie. Alimkatia mama kipande aonje. Mama alikipinda kwanza kati ya vidole, akakinusa, ndipo akakiweka mdomoni. Akatafuna polepole. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili chetu:

"Iko tamu. Lakini iko na maji mingi. Samaki hii ukiitoa ku ziwa Tshangalele leo, haifike Lubumbashi. Itaoza mu njia."

"Mama, umejuaje mambo hayo?"

"Nilikuandikia," alisema. "Sikukuandikia?"

Baba alikuwa amesimama hatua ishirini mbele, ametupa mgongo, akisubiri. Nilipomfikia alisema kwa sauti ya chini, "Hata hapa?" Mama, nyuma yangu, alisikia.

Tuliingia misa katika kanisa la Mtakatifu Bartholomayo, kanisa lenye kuta nyekundu na nyeupe. Nilikuwa nimelichagua makusudi. Ndani yake kuna birika la ubatizo lililotengenezwa miaka karibu mia tisa iliyopita, la shaba iliyochanganywa na zinki, na watu hutoka mbali kulitazama. Nilifikiri baba atalifurahia. Sikujua kwamba atalifurahia kiasi kile.

Misa ilipokwisha, watu wakapungua, akalisogelea akiwa ameshika kofia yake. Ni chombo cha mviringo, kikubwa kiasi cha mtu kuogea mtoto wa miaka mitano, na kimezungukwa na sanamu ndogo za watu: Yohane anabatiza, wengine wanamsikiliza. Chini yake kuna ng'ombe wanaokibeba, kila mmoja amegeuza kichwa kwa namna yake. Baba alikizunguka mara moja. Akakizunguka tena. Kisha akapiga goti, suti na yote, akatazama kwa chini.

"Haina mahali ya kuunganisha," alisema. "Wameimwaga mara moja. Weye Laure, unaelewa? Mara moja! Moto ikipunguka kidogo tu, yote inaharibika."

Mlinzi wa kanisa, mzee mwenye ufunguo mkubwa kiunoni, alikuja kuona ni nani anapiga magoti pale. Baba alisimama, akapangusa suti, akamuuliza kwa Kifaransa shaba yenyewe ilitoka wapi. Mzee alisema wataalamu wanabishana. Ndipo baba akaanza kumweleza. Alimweleza namna shaba inavyojulikana kwa rangi yake inapoyeyuka, namna zinki inavyokimbia ikiwa moshi mweupe usipoangalia, na kwa nini mtu aliyefanya kazi hii hakuwa mwanafunzi. Alisema kwa Kifaransa cha msimamizi, kilichonyooka, chenye sauti. Watu wanne waliokuwa wanatoka misani walirudi, wakasimama kusikiliza. Kisha wakawa saba. Baba akawaeleza kuhusu mabirika ya Likasi, asidi, umeme, mabamba yanavyokua siku baada ya siku "kama ngozi ya maziwa".

Bibi mmoja mwenye fimbo alimuuliza, "Bwana ni profesa?"

"Hapana, mama," baba alijibu. "Mimi ni mtu wa shaba."

Walimpa mkono mmoja mmoja. Mlinzi akamwambia arudi siku yoyote. Nilisimama karibu na nguzo. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na miaka kumi, aliponipeleka kiwandani siku ya familia na kunionyesha kazi yake. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, kavua kiatu kimoja, anajikanda mguu. Alimtazama baba muda mrefu. Sikuweza kusoma uso wake.

Mkahawa niliokuwa nimeweka nafasi ulikuwa mdogo, una vitambaa vya meza vya mirabamiraba. Niliagiza chakula cha mji: mabonge mawili makubwa ya nyama ya kusaga, yamemwagiwa mchuzi wa vitunguu na shira ya mapeari, na sahani ya viazi vya kukaanga. Baba alichukua bia. Mama alitaka maji, na alipoletewa chupa alishangaa kwamba maji yana gesi.

Alionja nyama, akaweka uma chini.

"Laure. Banaweka sukari mu nyama?"

"Ndiyo, Mama. Ndivyo wanavyopika hapa."

"Ni nani aliwakosea?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Alikula yake yote, kisha akamalizia ya mama, ambaye alikula viazi tu pamoja na haradali, akisema haradali angalau ni chakula cha mtu mzima. Tulikaa pale muda mrefu. Hakuna aliyetuharakisha. Walinisimulia habari za kwetu, nani amekufa, nani ameolewa. Kwamba Padre Augustin amepelekwa parokia ya Kapolowe na analima viazi vitamu mwenyewe. Kwamba mashine ya kushona ya mama imeibwa, kisha ikarudishwa na mwizi kwa sababu ilikosa sindano. Baba aliagiza bia ya pili. Niliona kwamba wakati umefika.

Nilianza na baba, kama nilivyojiandaa.

"Baba, najua utakataa. Naomba unisikilize kwanza mpaka mwisho." Nikamweleza yote: mwanasheria, karatasi, daktari wa mapafu, Didier na Deborah baadaye, chumba ambacho ningekikodi karibu na kwangu. "Nyumbani hakuna kazi tena, hakuna dawa. Sitaki kupata barua mkononi mwa mgeni ikiniambia kwamba mmoja wenu ameondoka. Bakini hapa."

Baba aliizungusha glasi yake juu ya meza.

"Minye nabakia," alisema.

Maneno yangu yote ya wiki nzima yalikosa kazi. Nilimgeukia mama nikiwa natabasamu. Mama hakutabasamu.

"Minye narudia kwetu," alisema.

Hakuna aliyempa mwenzake habari kabla. Hilo lilionekana wazi, maana walitazamana kama watu waliokutana ghafla kwenye mlango mwembamba.

"Haukuniambia," mama alisema.

"Sasa njo nakuambia."

"Ulianza lini kuwaza vile?"

"Ku kanisa, leo. Hapana. Mbele. Kabla ya visa." Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba ilikuwa rahisi kunieleza mimi. "Laure, unajua asubuhi yangu iko namna gani? Naamuka saa kumi na moja, navaa salopeti ya kazi, naenda ku kiwanda. Tuko bantu nane. Tunakaa mbele ya mulango. Mulinzi anaandika majina. Ndani hakuna moto, hakuna umeme. Saa sita tunarudia. Miaka mbili sasa. Mama yako anatoka ku ziwa na samaki, anapiga hodi, minye namufungulia mulango. Njo kazi yangu ile. Kufungula mulango."

"Hakuna mutu anakucheka," mama alisema.

"Benye kucheka balienda na treni. Nikiwa na Mukendi tungecheka pamoja."

Mhudumu alikuja kuchukua sahani. Alimuuliza mama kama chakula kilikuwa kibaya, kwa kuwa nyama yake yote ilikuwa imeliwa na bwana. Mama akamjibu kwa adabu kwamba viazi vilikuwa vizuri sana. Mhudumu alipoondoka, mama alivuta kiti chake karibu na meza.

"Sasa unisikie na minye," alisema, na alikuwa anazungumza nami, lakini kwa ajili ya baba. Ndipo nilipojua maana ya "anajitahidi". Alianza mwaka 1993, na beseni moja, kwa baiskeli ya kukodi, hadi kijiji cha wavuvi ufukweni Tshangalele. Mara ya kwanza samaki walioza njiani na akalia. Mara ya pili alijifunza kukausha. Sasa walikuwa wanawake kumi na mmoja, na mmoja wao, Clémentine, mjane wa fundi umeme, alikuwa amejua kuzungumza na madereva wa malori. Walikuwa na tanuru tatu za udongo ufukweni. Msimu wa mvua mama alilima mahindi Kapolowe katika shamba la binamu yake. Didier na Deborah walisoma kwa samaki. Kilo zangu za maziwa ya unga, nilizotuma kwa wasafiri nikidhani ndizo zinazowalisha, nyingi alikuwa anawapa majirani wenye watoto wachanga.

"Zamani walikuwa banasema muke ya Nicolas," alimaliza. "Sasa banasema Mama Marcelline. Minye niko na miaka makumi tano na mbili. Nikae hapa, mu chumba, nangojea weye utoke ku kazi? Nilingojea miaka makumi mbili na tisa. King'ora ya kiwanda inalia, napanga meza. Nimechoka kungojea, Laure. Si kwa ubaya."

Kahawa ikaja, na maandazi ya mji yale ya mraba yenye chembe za sukari. Mama alikula la kwake, akaomba la kwangu pia. Baba alikunywa kahawa akiangalia dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mwingine kabisa.

Mpango wa siku ulikuwa na jambo moja lililobaki: ngazi za Bueren, mia tatu na sabini na nne, zinazopanda moja kwa moja mpaka juu ya kilima. Tulipofika chini yake, baba alitazama juu, akasema mapafu yake hayawezi, akakaa kwenye benchi palipokuwa na mzee mwingine. Nilidhani tutarudi nyumbani. Mama alikaza kitenge chake.

"Twende," aliniambia.

Alipanda bila haraka, akipumzika kila baada ya ngazi hamsini, na kila alipopumzika alitazama milango ya nyumba zilizojengwa kando ya ngazi, akishangaa namna wenyewe wanavyopandisha magunia. Mimi ndiye niliyehema zaidi. Juu tulikuta ukuta wa kukalia. Mji wote ulikuwa chini yetu: mto, madaraja, makanisa, na mbali upande wa juu wa mto, bomba za viwanda vya chuma.

Mama alizihesabu kwa kidole. "Zile tatu hazina moshi."

"Wanafunga kidogo kidogo," nilimwambia. "Wagonjwa wangu wengi walifanya kazi huko."

"Na hapa pia?" alisema.

Nikamuuliza kama amemkasirikia baba.

"Hapana. Nimeshangaa. Nilifikiri anaona haya juu yangu. Kumbe anaona haya juu yake mwenyewe." Alijipangusa jasho kwa ncha ya kitenge. "Wanawake, shiye tunafundishwa kungojea tangu tuko batoto. Mwanaume hakuna mutu alimufundisha. Ukimwambia angojee, anakufa. Umuache abakie. Lakini usimuache akae bure. Nakuomba kintu kimoja tu, usimukalishe mu kiti."

"Na wewe, Mama? Peke yako?"

"Niko na bamama kumi. Na batoto wawili. Wapi peke yangu?" Nilipomtazama niliona machozi yakishuka bila sauti. Aliyaacha yashuke, akayafuta mara moja, akasimama. "Tushuke. Baba yako ataugua baridi."

Baba hakuwa anaugua baridi. Mzee wa benchi alikuwa Mwitaliano aliyeletwa Liège mwaka 1951 kuchimba makaa ya mawe, na walikuwa wanaonyeshana mikono. Baba alimwonyesha alama za asidi. Mwitaliano alimwonyesha kidole kisichokuwepo. Walikuwa wanakohoa na kucheka kwa zamu. Aliposimama kutufuata, baba alimshika mama kiwiko ili avuke barabara, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani, na mama alimwacha amshike.

Mama aliondoka mwisho wa Mei, peke yake. Ndani ya sanduku alipeleka buti mbili za mpira na gombo la wavu wa chuma wa kukaushia samaki juu ya moshi, ambalo watu wa forodha walilifungua mara tatu. Tuliagana kwenye uwanja wa ndege. Baba alimwambia, "Usipande lori ya usiku." Mama akamwambia, "Ukunywe dawa."

Baba alikaa nami miezi kumi na minne. Mapafu yake yalitibiwa, si kwamba yalipona. Nilijaribu kutii ombi la mama. Jumamosi alikwenda kanisani kuwaeleza wageni juu ya birika, bila cheo, mpaka mlinzi akampa kiti chake mwenyewe. Siku za kawaida zilikuwa ngumu zaidi. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameosha vyombo vilivyokuwa safi. Majira ya baridi alinyamaza sana. Siku moja alinifungulia mlango kabla sijatoa ufunguo, tukatazamana, na wote wawili tulijua alichokuwa anafikiri.

Mwezi wa Machi ilikuja barua ya mama, mkononi mwa mtawa. Hakumwomba arudi. Aliandika tu kwamba kuni zinapatikana mbali siku hizi, tanuru zinakula miti, na wanawake wanabishana. Baba aliisoma mara mbili, akaomba karatasi. Alichora tanuru ya aina nyingine, yenye bomba la kupitisha moshi chini, akaandika vipimo, tukaituma. Baada ya wiki saba mama alijibu: moshi unarudi machoni. Akachora tena. Jibu la pili lilisema, sasa moshi hautoki kabisa, na Clémentine anauliza kama mume wa Mama Marcelline amewahi kuona samaki.

Baba aliiweka barua mezani.

"Haiwezekane kutengeneza moto mu karatasi," alisema. "Mutu anapashwa kuwa pale."

Sikumbembeleza. Niliogopa, lakini sikumbembeleza. Alirudi Likasi Agosti 1996. Miezi michache baadaye vita vilianza mashariki, na Aprili iliyofuata vilifika kwetu. Kwa muda wa wiki sita sikujua kama wako hai. Kisha mtu alipiga simu kutoka Ndola, ng'ambo ya mpaka, akaniambia wote ni wazima na kwamba mama anaomba wavu mwingine.

Nilipopata ruhusa ya kwenda, mwaka 1999, baba hakuja kunipokea Likasi. Alikuwa ziwani. Mama alinipeleka kwa lori, tumekaa juu ya magunia matupu, akinionyesha mashamba ya watu. Tulimkuta baba amevaa kaptura, mwembamba, matope mpaka magotini, anabishana na wanawake wawili kuhusu urefu wa mlango wa tanuru. Aliniona, akainua mkono, akamaliza ubishi wake kwanza.

Aliishi huko siku nne za wiki, na siku tatu nyumbani. Mama alikuwa na ratiba nyingine kabisa, na ratiba zao zilikutana Jumamosi. Nilimuuliza mama kama wanaelewana.

"Anasema mingi sasa," mama alisema. "Zamani hakuwa anasema."

Jioni ile baba alinipa kibao cha kufyatulia matofali ya tanuru, akanionyesha namna ya kubana udongo kwenye pembe. Nilifyatua matofali tisa. Alivunja mawili, akasema hayafai.